Bwana Hezroni Mziray, Karani Aliyemkadiria Marehemu Kodi

Tarehe 31 Desemba mwaka huu wa 1952, Bwana Hezroni Mziray atafunga dawati lake katika boma la Same, baada ya kutumikia kazi ya kodi kwa miaka ishirini na minane. Kamati ya sherehe iliwaomba makarani wenzake waandike wasifu wake, na wote wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi nyingi. Kwa hiyo umeandikwa na tarishi Yahaya, aliyeishia darasa la tatu, lakini ndiye aliyebeba mkoba katika ile safari ambayo wenye hati nzuri hawataki kuigusa.

Bwana Hezroni alizaliwa Gonja, akasomeshwa na wamisheni, akaingia kazini akiwa kijana mwembamba mwenye kaptura iliyopigwa pasi hadi ikaweza kusimama bila yeye. Hajawahi kuchelewa. Hajawahi pia kucheka mzaha wa Bwana Shauri yeyote, yaani mzungu mkubwa wa wilaya, na hilo lilimchelewesha kupanda cheo.

Starehe yake ilikuwa uchumi. Wengine wakinywa chai ya saa nne, yeye alieleza kwa nini huyu ana viatu na yule hana. Kodi ya kichwa, alisema, ni kama mvua: humnyeshea mwenye paa na asiye na paa, kisha ikajisifu kwamba haibagui. Wape watu wawili mizigo ya uzito mmoja wapande nayo Usangi, mmoja ameshiba na mwingine hajala tangu jana. Je, wamebeba sawa? Tulijibu hapana ili chai isipoe.

Basi serikali ilipoleta kodi ya madaraja, mwenye kingi atoe kingi, milima yote ilinung'unika isipokuwa Bwana Hezroni. Yeye alifurahi kama bwana harusi. Mwaka 1945 akatumwa kwenda kuhakiki malalamiko ya Yusto, mkulima wa juu ya Usangi. Zizi la Yusto lilikuwa limejaa ng'ombe wanono, naye amewekwa daraja la matajiri. Tulipofika tulimkuta tajiri huyo amevaa gunia.

"Ng'ombe si wangu," alisema Yusto. "Nimewekewa tu. Nakamua maziwa na kuzoa samadi, basi. Mkiniacha daraja hilo nitakwenda kukata mkonge, na hawa watoto sitawaona wakikua." Mkewe alikuwa amekwisha kumfungia kifurushi cha safari.

Bwana Hezroni akamuuliza mwenye ng'ombe ni nani.

"Mzee Mbonea. Anakaa huko juu."

Tukapanda. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa umeshuka, mtu haoni miguu yake. Kila kaya tuliyopita tuliuliza, na kila kaya ng'ombe walikuwa wa Mzee Mbonea. Watu walijibu kwa adabu, bila tabasamu, wakitazama nyuma kidogo ya mabega yetu. Na kila nyumba ilitoa vigoda vitatu. Tulikuwa wawili. Yahaya alidhani cha tatu ni cha mwenyeji, lakini mwenyeji alisimama, na kibuyu cha maziwa kikawekwa mbele ya kigoda kitupu. Mara ya kwanza aliona ni ukarimu. Baadaye alianza kutembea mbele, ingawa kazi ya mkoba ni kufuata nyuma. Chini yetu, ndani ya ukungu, kengele za ng'ombe zilitufuata njia nzima, wala hatukumwona ng'ombe hata mmoja akitufuata.

Makazi ya Mzee Mbonea yalikuwa mwamba uliojikunja kama baraza, katikati ya msitu ambamo hakuna anayethubutu kukata kuni. Chini ya mwamba palipangwa vyungu, na juu ya vyungu mafuvu ya wazee, yote yakitazama bondeni. Bibi mmoja, Eliaichi, alikuwa akifagia.

"Shikamoo, bibi," alisema Bwana Hezroni.

"Marahaba. Mwamkie na mwenyewe," akanyoosha ufagio kwenye fuvu la katikati.

Bwana Hezroni akavua kofia. "Shikamoo, mzee."

Tukangoja. Ni muda mrefu sana, ule wa kungoja marahaba mahali kama pale.

"Ameitikia," alisema bibi.

Mtu mwingine angekimbia, na Yahaya alikuwa amekwisha kuchagua njia. Bwana Hezroni akachukua kalamu, akaanza kuhoji kama sheria inavyotaka. Jina? "Mbonea." Makazi? "Hapa hapa, hahami." Wategemezi? "Wote mliokunywa maziwa kwao." Je, ana pato lingine? Hapo kengele zote bondeni zikanyamaza kwa pamoja.

"Swali hilo hajalipenda," alisema Bibi Eliaichi, akaendelea kufagia.

Ndipo akatueleza. Mzee alikufa kabla Wajerumani hawajafika, na wanawe wakataka kuuana kwa ajili ya ng'ombe. Wazee wakaamua ng'ombe wabaki kuwa wake. Tangu hapo nyumba yenye mtoto asiye na maziwa huletewa ng'ombe, na nyumba inayoanza kuvimba kwa utajiri huondolewa baadhi. Hakuna anayeruhusiwa kuuza. Tulipokumbuka njia tuliyopita, kweli, hatukuona zizi tupu hata moja.

Tukishuka, Bwana Hezroni alinena maneno ambayo yangefaa kuchongwa ukutani mwa boma kama ukuta ungekuwa na adabu: "Yahaya, serikali inatafuta namna ya kupunguza tofauti kati ya mwenye nacho na asiye nacho. Hawa wamekwisha kuipata, ila mkuu wa idara amekufa. Tukimtoza Yusto, tumemtoza mtoto kodi ya ziwa analonyonya."

Akamweka Yusto daraja la chini kabisa, na Mzee Mbonea la juu kabisa.

"Huyu ni maiti," alisema Bwana Shauri.

"Ndiyo, bwana. Lakini ana mali, ana makazi, na sheria haikuuliza kama anapumua."

Aliambiwa abadilishe au apoteze cheo. Hakubadilisha. Akapelekwa mnada wa ng'ombe wa Kifaru, miaka mingi ya kumeza vumbi na kuhesabu mikia, kabla ya kurudishwa dawatini. Askari wawili walitumwa wakamwite Mzee barazani. Walirudi wameshikana mikono kama wachumba, wakasema mwenyewe hakutaka kushuka. Mmoja akaongeza kwamba anatusalimu. Kwa kuwa mlipaji hajasikilizwa, shauri halikufungwa, na Yusto akabaki daraja lake la chini hadi watu waliposhuka milimani kwa wingi kuipinga kodi ile, wakakaa hapa Same mpaka ikaondoka. Mkonge hakuukata. Watoto wamekua mbele ya macho yake. Mchungaji alimhoji Bwana Hezroni kama alisujudia mafuvu. Akajibu kwamba aliyaamkia tu, na kumwamkia mkubwa si ibada.

Mwezi uliopita, kabla tangazo la kustaafu halijabandikwa, Yusto alishuka na mtamba mweusi, akamfunga mlangoni kwa Bwana Hezroni. "Mzee amesikia unaacha mshahara," alisema. Bwana Hezroni akauliza nani amemwambia. "Si sisi. Hata sisi tulishangaa kuagizwa." Mama Susana, mkewe, siku za kwanza alimpita mtamba yule kwa mbali. Sasa anamkatia majani, wala haulizi kitu.

Yusto aliacha na ujumbe mwingine: Bibi Eliaichi amefagia nafasi pale mwambani, kando ya Mzee, kwa kuwa Bwana Hezroni amekuwa mtu wa nyumba ile. Aende akiwa tayari.

Ahsante, Bwana Hezroni, kwa kazi yako na kwa chai yetu uliyoipoza. Tunakutakia maisha mema, na uyaishi polepole. Huko juu wamesema hawana haraka. Sisi wa boma tunakuomba uwe karani kwa mara ya mwisho, uwacheleweshe.