Kaka Yetu, Mkufunzi wa Karakana ya Makufuli Matatu

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kutusindikizia kaka yetu, historia hii imetolewa kwenye daftari la familia na vyeti vyake mwenyewe, na ndani yake imo habari moja ambayo baadhi yetu tuliomba isisomwe, lakini yeye aliagiza isomwe, nasi tumeona agizo la marehemu halipingwi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi mzaa mama, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, baba akiwa mlinzi wa ghala na mama mshonaji. Alianza shule ya msingi Januari 1969, akamaliza sekondari Novemba 1980 kwa alama ambazo zingemfikisha mbali kama baba asingefariki Agosti ya mwaka huohuo, hivyo tarehe 2 Februari 1981 akaingia kiwanda cha pampu za maji kama mfagiaji, akawa anafagia polepole kuliko wenzake wote ili aone mafundi wanavyokereza vyuma, hata msimamizi akamtania kwamba sakafu ya mashine ya nne imefagiwa mpaka imeanza kuwa nyembamba. Alipata daraja la tatu la ufundi mwaka 1985, na la kwanza tarehe 11 Oktoba 1993, na hakuna chuma alichokitoa mkononi bila kukipima mara mbili.

Tarehe 5 Desemba 1987 alifunga ndoa na wifi yetu, mwalimu wa chekechea, wakajaliwa watoto wanne, na wa pili kati yao alifariki kwa homa tarehe 20 Juni 1994 akiwa na miaka miwili, na tangu hapo ukimwuliza kaka ana watoto wangapi alijibu wanne.

Mwaka 2009 kiwanda, chuo cha ufundi na halmashauri waliungana kuwafundisha ufundi vijana walioishia njiani kimasomo, kiwanda kikitoa mashine, chuo kikitoa mtaala na vyeti, halmashauri ikitoa jengo, na kaka akaazimwa kutoka kiwandani awe mkufunzi. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walikuwa watatu, kwa hiyo kila mmoja aliweka kufuli lake kwenye mlango wa karakana, wakatia saini kwamba hakuna atakayegusa la mwenzake, na kaka akatia saini chini yao. Miaka minne alitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwa baiskeli, akapita kwa mlinzi wa kiwanda, kwa mtunza stoo wa chuo na kwa karani wa halmashauri kuchukua funguo, jioni akazirudisha vivyo hivyo, na vijana walipomwita Mzee Makufuli aliwaambia hata peponi mlango ni mmoja na mshika ufunguo ni mmoja, ila huko hakuna kamati.

Mtihani wa ufundi wa vijana kumi na mmoja ulipangwa tarehe 19 Novemba 2013. Tarehe 4 karani wa halmashauri alihamishwa, akaondoka na ufunguo, na ofisi ikasema kufuli haliwezi kukatwa mpaka kamati ikae. Kaka aliandika barua tatu, nakala zake tunazo. Vijana walikuja na mtaimbo, naye akasimama mlangoni akawakatalia, akisema amesaini, na mtu ni neno lake. Siku ya mtihani mtahini alisubiri juani saa nzima, akaandika kwamba hakuna vifaa, akaondoka, na jibu la barua likafika tarehe 26. Kila upande uliwatupia lawama wenzake, mpango ukafa kabla ya mtihani mwingine, mashine zikabaki ndani zikila kutu, penye miti hapana wajenzi.

Mmoja wa wale kumi na mmoja, baba wa mtoto mmoja, mkerezaji bora kuliko wote kwa maneno ya kaka mwenyewe, alikosa kazi bila cheti, akaenda machimbo ya kokoto, na tarehe 17 Februari 2014 akafukiwa na kifusi. Kaka alihudhuria mazishi, na mama wa kijana alimwuliza mbele ya watu kama kufuli lilikuwa na uzito zaidi kuliko mwanawe.

Alistaafu Machi 2016, akaomba nafasi kwenye gereji ya rafiki yake yenye mashine kuukuu, akawatafuta waliobaki nyumba kwa nyumba, akawafundisha upya na kuwapeleka mtihani mmoja mmoja, saba wakafaulu, wawili wakakataa hata kumwona, mmoja hakupatikana.

Tarehe 3 Februari 2023 aligundulika kuwa na kansa ya koo, sauti ikamwisha Desemba, akawa anaandika kwenye karatasi, na tarehe 21 Mei mwaka huu aliandika maneno haya, ambayo wifi na mtoto wetu mkubwa wangependa yabaki ndani ya familia, kwa kuwa wao wanaamini aliheshimu mkataba: Nilipaswa kuvunja mlango. Nilikuwa na nguvu, mtaimbo ulikuwepo. Msiseme nilikuwa mwaminifu. Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa nane mchana, wodi ya tatu, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi hiyo, majirani waliopokezana kumlisha, mafundi wa kiwandani na wa gereji, na wanafunzi wake saba waliobeba jeneza asubuhi hii. Tunamshukuru pia mama wa yule kijana, ambaye tulimpelekea karatasi ile kama kaka alivyoagiza, akaisoma, akaikunja, akaturudishia, na leo amekuja, amekaa pale nyuma. Mama, hatukudai neno lolote, umefika, nasi tumeona.

Kaka, tumeisoma yote. Pumzika kwa amani.