Mbwa Aliyesingiziwa

Ndani ya basi la kwenda Galway, Orlaith alimsikia bibi wa kiti cha mbele akimfokea bwana aliyeketi naye, utadhani ndiye fundi wake.

"Gari linachemka, maji ya rejeta yanaisha, halafu fundi ananiambia eti nasahau kujaza!"

"Zulia la mbele limelowa, mama?"

"Chapachapa! Tena lina harufu tamu. Fundi kasema ni mkojo wa mbwa wangu Rua."

"Mkojo gani mtamu? Hita ya ndani inavuja hiyo, na dawa ya maji ya rejeta ndiyo yenye harufu tamu. Gari langu lilifanya hivyohivyo."

Orlaith aliiona shingo ya bibi ikiiva kwa hasira.

"Na mimi nimemfukuza Rua wangu, analala bandani na baridi hii!"

"Labda fundi hakujua..."

"Hakujua? Pua hana?"

Basi liliposimama karibu na gereji ya fundi huyo, bibi alishuka mvuani, mwavuli haujafunguliwa, kaushika kama rungu.