Waamishi Walionifunga Nikiwa Jeddah

Jina la Yesu liinuliwe, ndugu zangu! Liinuliwe na ninyi mliokaa karibu na mlango pia!

Kabla sijaendelea nitawataja wote waliokuwepo siku ile, ili mtu asiseme nimetia chumvi. Alikuwepo bosi wangu, Baba Faisal, amelala. Alikuwepo madam, mke wake, amejipaka usoni udongo wa urembo. Alikuwepo binti yao Lama, wa miaka kumi na saba. Alikuwepo Melati, mpishi kutoka Indonesia. Alikuwepo Kaka Barasa, dereva, Mkenya mwenzetu, ambaye leo ameketi benchi la tatu na anaangalia chini. Nilikuwepo mimi, Rebeka. Na alikuwepo mmoja ndani ya hodhi la kuogea, amefungwa kitambaa cheupe kutoka juu hadi chini. Huyo nitamfikia.

Mimi ni kifungua mimba. Baba alitangulia, mama akafuata, nikabaki na wadogo watatu. Niliacha shule darasa la saba ili wao wasiache. Miaka ile mawakala walipozunguka vijijini wakiandikisha wasichana wa kwenda Saudia, nilikwenda, nikafika Al-Hamra, Jeddah, katika nyumba yenye vyoo vingi kuliko kijiji chetu kizima. Hapo nilimkuta Barasa, mtu mpole, kiongozi wa maombi yetu ya simu kila Ijumaa. Nikamwunganisha na rafiki yangu Tabitha, aliyefanya kazi Riyadh. Wakapendana kwa simu. Mikataba ikiisha, warudi nyumbani wafunge ndoa. Mshenga nilikuwa mimi, na nilijivunia jambo hilo kuliko mshahara.

Halafu nikafungwa. Si pombe, si wanaume. Nilifungwa na Waamishi!

Mnacheka. Waamishi ni Wakristo wa Marekani wanaoishi mashambani. Hawataki umeme, hawataki magari, wanasafiri kwa mikokoteni ya farasi. Wanawake wanavaa magauni marefu na kofia za kitambaa, na mwanamume akioa anafuga ndevu lakini masharubu ananyoa. Lama alikuwa akitazama kwenye televisheni vipindi vya visa vya kweli vya mauaji yaliyotokea kwa watu hao. Aliogopa kutazama peke yake, kwa hiyo mimi nilihamishia pasi yangu sebuleni. Kiingereza kikinishinda, Lama alinieleza.

Ndugu zangu, niliwapenda! Walikuwa na kuku, ng'ombe na mabenchi magumu ya ibada kama haya yetu. Ndiyo maana walipouana niliumia kama jirani yao. Na kila kipindi mkuu wa polisi alisema jambo lilelile: hakuna aliyemshuku muuaji, kwa sababu alikuwa mpole na mwombaji. Kila Ijumaa nilimpigia Tabitha nikamsimulia kisa kizima, pamoja na fundisho lake: mpole, mwogope!

Sasa, Tabitha mwenyewe alikuwa amemwambia Barasa kwamba masharubu yanamfanya afanane na naibu wa chifu. Akanyoa masharubu, akabakiza ndevu. Nilipomwona dirishani asubuhi moja akiosha gari, pasi ikaniunguza kidole.

Siku ya tukio, mama yake bosi, bibi mzee tuliyemwita Hajjati, alikuwa hajaniita kwa kahawa siku mbili. Hakuna aliyeniambia kwamba amekwenda Makka kufanya umra. Mchana nikaenda kupiga deki katika bafu la nje. Nikasukuma mlango. Barasa ameinama juu ya hodhi, mikono ina damu, anaimba pambio. Na ndani ya hodhi kuna mtu aliyeviringishwa sanda.

Nikauvuta mlango nikafunga kwa ufunguo. Kitu cha kwanza nilichofanya, Mungu anisamehe, sikuomba. Nilishika simu nikatuma sauti yangu kwenye grupu la maombi, Jeddah na Riyadh yote: "Wapendwa, Barasa amemuua bibi! Nimemfungia! Amenyoa masharubu!"

"Dada Rebeka," Barasa akaita kutoka ndani, kwa upole uleule, "fungua basi, nyama inapata joto."

Nyama! Hajjati wa watu anaitwa nyama! Nilipiga mayowe hadi bosi akatoka bila viatu, madam akatoka na udongo wake usoni, nikapiga mayowe mara ya pili kwa sababu ya madam.

"Mama yako, baba!" nikamwambia bosi. "Yumo ndani!"

Bosi alininyang'anya ufunguo akafungua mlango. Barasa alikuwa amesimama pembeni, mikono juu. Bosi akafungua fundo la kitambaa. Ikatokea kwato. Ikatokea ya pili. Kule kwao, kondoo mzima wa karamu hutoka machinjioni amefungwa kitambaa cheupe, na friji za Melati zilikuwa zimejaa, ndiyo maana Barasa alimlaza kwenye hodhi ampoze kwa maji. Kwetu kondoo hugawanywa uani hapo hapo; nguo nyeupe tunamwekea binadamu.

Bosi akashika kwato moja, akanigeukia. "Rebeka, huyu ni mama yangu?"

"Hapana, baba."

"Una hakika?"

Madam alicheka hadi udongo ukapasuka ukaanguka. Melati akapenya katikati yetu, akambeba kondoo wake begani bila kutusemesha. Nilingoja kuambiwa halas, kazi imekwisha, funga mzigo, nikawaza karo za wadogo zangu. Bwana akafunga kinywa cha bosi! Alirudi kulala.

Nilikwenda chumba cha kufulia, nikapiga magoti kati ya vikapu. Nikasema, Bwana, nimewaona watu wako kwa macho ya polisi. Niondolee. Nikalia, nikawa mwepesi. Jioni Lama akaniita: "Yalla, njoo haraka, Rebeka! Leo ni kile cha mtengeneza jibini!" Nikahamishia pasi kwenye korido. Hadi leo sijui nani alimuua mtengeneza jibini. Huo ndio ushindi, ndugu zangu!

Lakini ile sauti ilikuwa imefika Riyadh. Nilituma nyingine mara hiyo hiyo kueleza kwamba alikuwa kondoo. Wengine walicheka. Tabitha alijibu mara moja tu: "Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba wapole huwa na maelezo mazuri." Kisha akabadilisha namba.

Barasa aliniambia, "Mimi nimekusamehe, dada. Ila huyo mwambie wewe, mimi hanisikilizi tena." Tangu turudi nyumbani nimepiga simu kwa kila msichana niliyemjua Riyadh. Nimekwenda kwa shangazi yake Tabitha mara mbili. Mara zote mbili alinisikiliza hadi mwisho akaniuliza kama nimelala vizuri.

Ndugu yangu unayemshuku jirani yako kwa sababu ya upole wake, mpe Yesu macho yako leo. Alinifungua mimi bila kunidai chochote. Anayenidai ni huyu wa benchi la tatu, ingawa yeye hasemi. Namdai Bwana nguvu ya kwenda kwa shangazi mara ya tatu, siku ya Jumanne. Niombeeni. Bado nadaiwa harusi.