Disketi Iliyoandikwa W

Benchi letu lilikuwa ubao mmoja juu ya mawe, nje ya bureau ya Madam Ngendo, ofisi ya kupiga chapa, hapa Ruiru, kwa ile barabara ya kwenda posta. Ibra alikuwa na jiko lake la makaa upande wa mlango, na birika la kahawa ya tangawizi lililoanza kuchemka kabla maduka hayajafunguliwa. Gerishon alikuwa fundi wa redio, tukimwita Fyuzi. Odhiambo alikuwa akifanya shifti ya jioni kwa kiwanda cha nguo huko Thika, na kwa hivyo asubuhi yote ilikuwa yake na gazeti lake. Naye tulimwita Gazeti. Mimi ni Muriithi, lakini hapo benchi nilikuwa Dosi. Nilikuwa nimesoma kompyuta miezi mitatu Thika, nikarudi nikiongea habari ya DOS kwa kila mtu, hata kwa wauza nyanya, mpaka jina likanishika. Jina hilo nililipenda sana. Mwaka ulikuwa 1996, na Jumatano hiyo ninayoisimulia, watu hawakuwa na neno lingine ila kompyuta ya Madam Ngendo.

— Mimi nawaambia ni stima, Fyuzi alisema. — Jumamosi ilipotea saa nane mchana. Na stima ya hapa ikirudi, inarudi na hasira. Inafagia kila kitu ndani. Juzi nimeletewa redio ya pasta, imesahau stesheni zote.

— Redio haina akili ya kusahau, bwana, Gazeti alisema. — Hii ni virusi. Nimesoma. Iko moja inakaa ndani ya mashine imelala, inangojea siku ya kuzaliwa ya mzungu fulani. Siku ikifika inaamka, inakula kila kitu.

— Mzungu gani?

— Hawakuandika. Alikufa zamani.

Ibra akacheka kidogo, lakini hakikuwa kicheko chake cha siku zote.

— Yaani mzungu amekufa, halafu birthday yake inakuja kula majina ya watu wa Ruiru?

— Kwani wewe unadhani ni nini?

— Mimi sijui kitu, Ibra alisema. — Najua tu kwamba Farhiya hakuiba.

Farhiya alikuwa mtoto wa dada yake Ibra. Alikuwa akipiga chapa kwa Madam Ngendo mwaka wa pili sasa, msichana mpole, vidole vyepesi. Jumatatu Madam alikuwa amemtuma nyumbani akae huko mpaka akumbuke alikoweka disketi ya Waruguru, bibi mzee tuliyemwita shosho.

— Hakuna mtu amesema aliiba, Fyuzi alisema. — Wamesema alipoteza.

— Kwa msichana wa kazi hayo si tofauti, Ibra akajibu. Akanimiminia kahawa bila kuuliza, kama kawaida yake, akanipa kikombe kwa mikono miwili.

Gazeti akaona mazungumzo yamekuwa mazito, akaongeza moto.

— Sikizeni. Mmesikia habari ya mwaka elfu mbili? Hizi mashine haziwezi kuhesabu kufika huko. Zikifika tisini na tisa, zinarudi sufuri. Sasa mimi naona zimeanza kufanya mazoezi mapema.

— Mazoezi!

— Eeh. Kidogo kidogo. Leo Ruiru, kesho Thika.

— Wacha hiyo, Fyuzi akasema, akisogea mbele. — Shida ni hiyo Windows. Zamani kompyuta ilikuwa ukuta mweusi tu, umeandikwa maneno meupe. Kitu kikiingia, kimeingia. Sasa mmeitoboa madirisha. Mnashangaa vitu kutoka?

Gazeti akajipiga goti kwa kicheko, kisha akashusha sauti.

— Ama kuna watu hawataki watu wa mashamba wapate kipande, hicho kitambulisho cha kupigia kura, maana mwaka ujao ni kura. Hiyo bureau si iko na simu? Mtu anakaa Nairobi, anabonyeza kitu, kinapita kwa waya ya simu mpaka hapa.

— Simu ya Ngendo ilikatwa tangu Pasaka, Ibra alisema.

— Ndiyo uone vile wako na nguvu!

Halafu wakanigeukia, wote watatu.

— Dosi, Fyuzi akasema, — si wewe ndiye uliweka hiyo Windows? Hebu sema kitaalamu.

Nilikunywa kahawa kwanza. Iliniunguza ulimi.

— Inaweza kuwa bad sector, nikasema. — Diski ikizeeka inakuwa na mahali imeoza. Ukiandika hapo, hupati kitu.

Wakatikisa vichwa kwa heshima. Gazeti akarudia polepole, "bad sekta", ili akaitumie kazini.

Sasa ngoja nieleze ni nini kilikuwa kimepotea, na nani alikipoteza.

Shosho Waruguru alikuwa mkunga wa mashamba ya kahawa kwa miaka zaidi ya thelathini. Watoto wa vibarua, kutoka Mugutha mpaka karibu na Kalimoni, wengi walizaliwa mikononi mwake, ndani ya nyumba za laini, zile za vibarua zilizopangwa mstari, bila hospitali na bila karatasi. Kila mtoto alimwandika kwenye daftari ndogo: jina, mama, shamba, tarehe. Walipokuwa wakubwa na kutaka kitambulisho, chifu aliwauliza walizaliwa wapi na lini, na wengi hawakuwa na la kusema. Basi chifu akakubali kupokea barua ya shosho. Ikiwa shosho amesema, imetosha.

Lakini daftari zilikuwa zimeanza kuliwa na mchwa. Kwa hivyo tangu mwaka uliotangulia shosho alikuja kila Jumanne na Ijumaa, akakaa kando ya Farhiya, akamsomea, na Farhiya akapiga. Zaidi ya majina mia sita. Kila daftari ilipoisha kupigwa, shosho alienda nayo nyumbani akaichoma. Zilikuwa na mambo mengine ndani yake: watoto waliozaliwa wamekufa, baba ambao hawakuwa waume wa nyumba. "Hayo ni ya kina mama," alimwambia Farhiya. "Yanaondoka na mimi."

Wiki iliyotangulia mimi ndiye nilikuwa nimemshawishi Madam Ngendo. Nilimwambia wateja wanataka Windows 95, Thika nzima imehama, ataachwa nyuma na mashine ya maneno meupe. Rafiki yangu Thika alikuwa nayo kwa disketi kumi na tatu, na nilikuwa nimeahidi kunakili zote. Disketi tupu nilikuwa nazo kumi na mbili. Ijumaa jioni, Madam akiwa kwa simu ya posta, nilifungua droo ya meza ya Farhiya. Nikaona disketi moja ya bluu, imeandikwa W kwa kalamu nyekundu. Nikajiambia hiyo ni WordPerfect, ile programu ya zamani ya kuandikia, na tukihamia Windows hatutaihitaji. Nikaitia mfukoni. Sikuifungua kuona kilichomo. Ingenichukua nusu dakika. Thika nikaifuta, nikaandika disketi ya kumi na tatu juu yake.

Jumamosi mchana bureau ilikuwa imefungwa kwa wateja. Nilianza, stima ikapotea, ikarudi, nikaanza tena. Mashine ikasema haina nafasi. Nikamuuliza Madam kama naweza kufuta diski ya ndani, tuanze upya. Akasita.

— Na kazi ya shosho?

— Si mko nayo kwa disketi?

— Farhiya ameiweka kwa droo, alisema. — Basi fanya.

Nikafanya. Jioni kioo kilionyesha mawingu meupe na anga ya bluu, na Madam Ngendo alipiga makofi kama mtoto. Alinisifu pale nje mbele ya watu wa benchi. Jumatatu asubuhi Farhiya alifungua droo. Nilikuwa hapo nikimfundisha Madam kutumia mausi. Farhiya akasema, "Ile ya W haiko." Nilielewa kabla hajamaliza kusema. Akatoa kila kitu kwenye droo, akaweka chini, akapiga magoti akatafuta chini ya meza. Nikasaidia kutafuta. Hiyo ndiyo siwezi kujisamehe hata leo: nilipiga magoti kando yake, nikatafuta.

Basi Jumatano, wakati Gazeti alikuwa bado anajifunza kusema bad sekta, alikuja kijana mmoja kwa miguu, matope mpaka kwa goti. Alikuwa na miaka kama ishirini. Akatusalimu vizuri, akasema anaitwa Tobias, ni mvunaji wa kahawa, ametoka Mugutha.

— Nimeambiwa Waruguru anapatikana hapa.

— Yuko ndani, Ibra alisema. — Amekuja kuongea na Madam. Keti, upate kahawa. Unataka nini kwake?

— Kitambulisho. Chifu amenirudisha mara mbili. Mama alikufa, na baba sikumjua. Akatabasamu kama mtu anayeomba msamaha kwa kusumbua. — Nyinyi ni wasomi, naona mko na gazeti. Kuna mtu hapa anajua nilizaliwa lini?

Fyuzi akaangalia viatu vyake. Gazeti akakunja gazeti. Ibra alishika birika bila kumimina. Wakati huo huo mlango wa bureau ukafunguliwa, shosho Waruguru akatoka akishikilia ukuta, Madam Ngendo nyuma yake.

— Ni mimi, nikasema.

— Ni wewe nini? Fyuzi akauliza.

Nilisimama. Sikumbuki kuamua kusimama. Nikasema yote: droo, rangi ya bluu, herufi, Thika, jinsi nilivyoifuta kwa mkono wangu. Nikasema Farhiya hakupoteza kitu. Nilitaka kuongeza kwamba sikujua, lakini nikakumbuka Jumatatu, nikaacha.

Shosho alinisikiliza mpaka mwisho. Aliongea kwa sauti ya chini, ile ambayo nafikiri aliitumia kwa kina mama.

— Uliona W, ukadhani ni nini?

— WordPerfect, shosho.

— Hiyo sijui. Mimi ni Waruguru. Akaegemea ukuta. — Na umejua tangu lini?

— Jumatatu.

— Siku tatu.

— Ndiyo, shosho.

Madam Ngendo aliingia ndani, akafunga mlango. Ibra alininyang'anya kikombe, si kwa nguvu, akamwaga kahawa iliyobaki, akakisuuza mara mbili, akakiweka na vingine. Kisha akachukua koti lake.

— Naenda kwa dada, akawaambia wenzake. — Mtu aangalie jiko.

Nilimfuata mpaka mtaa wa Majengo, hatua kumi nyuma yake. Farhiya hakutoka kunisikiliza. Nilisemea mlangoni, mama yake akiwa amesimama katikati, na sijui kama Farhiya alinisikia. Alirudi kazini wiki iliyofuata. Akinikuta aliniuliza ya mashine tu, na nikimjibu alisema "sawa".

Jina la Tobias ndilo lilikuwa la kwanza kuandikwa kwenye daftari mpya. Nilimwomba shosho anikubalie tuzunguke naye niandike majina upya, na alikubali kwa sharti moja: kwa kila nyumba ya laini tutakayoingia, mimi ndiye nitaeleza kwa nini tunauliza tena. Jumapili ya kwanza nilijaribu kufupisha. Nikamwambia mama mmoja kwamba kompyuta ilipata shida.

— Mwambie, shosho alisema.

Nikamwambia. Yule mama aliniangalia, akaendelea kuchambua maharagwe, akasema mtoto wake alizaliwa siku ambayo mvua ya mawe iliharibu kahawa yote ya chini. Ni mwaka gani? Hakujua. Tukauliza kwa jirani, jirani akatutuma kwa nyapara mzee, na nyapara akatupa mwaka. Hiyo ilikuwa siku nzima kwa jina moja.

Tulizunguka kila Jumapili mpaka Desemba. Tulipata majina mia mbili na arobaini. Wengine walikuwa wamehama, wengine wamekufa, na kuna wanawake walioona mgeni mwenye kalamu wakasema hawakumbuki. Shosho alikumbuka nyuso na uchungu wa kila mmoja, lakini tarehe zilikuwa zimemtoka. Ndiyo maana alikuwa akiziandika tangu mwanzo. Madam Ngendo alimwachia Farhiya mashine kila Jumatatu apige tuliyopata, na mara hii alichapa kwa karatasi siku hiyo hiyo, nakala mbili.

Kuhusu Tobias, shosho alimkumbuka mama yake, mwembamba, aliyevuna mpaka asubuhi ya kujifungua. Alikumbuka kahawa ilikuwa na bei nzuri sana wakati huo, hata vibarua walinunua blanketi. Lakini bei hiyo ilikaa miaka miwili, na mwezi hakuujua. Hospitalini walimwangalia meno, wakaandika umri wake "takriban ishirini". Januari tulienda naye kwa ofisi ya usajili, mimi na shosho na daftari.

Karani alijaza jina, akajaza shamba, akafika kwa tarehe.

— Siku na mwezi?

Shosho akainamisha kichwa. Tobias akanigeukia, bila hasira yoyote, vile mtu anavyomuuliza fundi.

— Dosi, tuseme gani?

Nilifungua daftari kwenye ukurasa wake, ambao nilijua hauna kitu, nikauangalia. Karani alichoka kungoja. Akaandika tarehe moja Januari, akamwambia Tobias alete vidole kwa wino.

Nje, Tobias alipangusa vidole kwa nyasi, kisha akanipa mkono, ukiwa bado mweusi, akaniambia asante kwa kumsindikiza. Nikamwambia karibu.