Ndanu Nzau wa Pomboo na Kiti cha Ngozi

Marehemu Ndanu Nzau alizaliwa tarehe 9 Aprili 1978, nje kidogo ya Matuu, mtoto wa kwanza wa Mzee Nzau, aliyetutangulia mwaka 2015, na Mama Wayua, aliyeketi hapa mbele. Mama aliomba jambo moja tu katika msiba huu: mwanawe azikwe kando ya baba yake. Kuna waliompinga, na tutafika kwao.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akamaliza sekondari Machakos mjini mwaka 1996, kisha akasomea elimu ya wanyama Nairobi. Aliposema anataka nyangumi na pomboo, majirani walimwona mwendawazimu. Msichana wa Yatta, kwetu ambako hata mto hukauka, na bahari wapi na wapi? Waliocheka hawakuweza kutofautisha nyangumi na papa. Bado hawawezi.

Kuanzia mwaka 2004 alifanya utafiti Shimoni, pwani ya kusini. Alipiga picha mapezi ya mgongoni ya pomboo. Kila pezi lina mapengo na makovu yake, na kwa hayo Ndanu alijua nani amezaa na nani ametoweka. Alisema si ajabu, kwani baba yake aliwajua mbuzi wake kwa mikato ya masikio. Pomboo mmoja aliyejeruhiwa na boti ya watalii alimwita Munyiva. Walikuja wageni wenye vyombo vya gharama, wa aina inayopatikana katika kila bandari, wakakaa wiki mbili, wakaondoka na picha zake, wakaandika makala. Jina lake waliliweka mwishoni kwenye shukrani, chini ya jina la hoteli. Wametuma shada la maua. Liko kule kwa mbuzi.

Hakuolewa. Waliomposa walimtaka aache bahari kwanza. Mmoja wao, mwalimu wa shule ya Kinanie, alijibiwa, "Wewe acha Kinanie kwanza, tuone."

Mwaka 2011 nyangumi alikufa ufukweni. Kwa kibali, Ndanu alimletea baba yake pingili moja ya uti wa mgongo, pana kama kigoda. Mzee Nzau aliifunika kwa ngozi ya mbuzi akaifanya kiti chake. Alipofariki, kaka yake, baba mkubwa Maundu, alikitwaa kuwa kiti cha ukoo. Hakuuliza kimetengenezwa kwa kitu gani. Mvua ilipokosekana mwaka 2022, Maundu, aliyesikia uvumi wa mfupa kutoka baharini, alitangaza kwamba Ndanu ameleta nyumbani mfupa wa jini. Ghala lilipekuliwa, nyuma ya jikoni pakachimbwa. Aliyesimamia msako alikuwa yeye, ameketi. Mama Wayua alijifungia jikoni acheke.

Mwaka 2023 Ndanu alirudi nyumbani akiugua figo. Aliaga dunia alfajiri ya tarehe 11 Juni 2025, mkono wake mkononi mwa mama.

Jumamosi iliyopita ukoo ulikutana. Maundu alisema, "Huyu hakuolewa, na alituletea jini. Azikwe huko kwa makaburi ya mji. Ama huo mfupa utoke kwanza, ndio tuongee."

"Uko wapi, baba mkubwa?" Loise, mdogo wake marehemu, alimuuliza.

"Mliuficha. Mimi nimetafuta mpaka nikachoka."

"Pole. Umechokea juu yake."

Mama Wayua alisema kwa upole, "Shemeji, inuka kidogo, utoe hiyo ngozi."

Aliinuka, akaitoa. Miaka kumi alikuwa ameukalia mfupa huo akitoa hukumu, na jini halikumgusa popote pale. Hakuna aliyezungumzia tena makaburi ya mji. Kaburi lilichimbwa siku ya pili, kando ya Mzee Nzau. Leo Maundu ameletewa kiti cha plastiki.

Marehemu ameacha mama yake Wayua, nduguze Loise na Mutinda, na wapwa watatu. Ameacha pia Munyiva, aliyeonekana Mei mwaka huu akiogelea na mtoto ubavuni.

Ile pingili itakaa kichwani mwa kaburi, bila ngozi, ili anayekuja ajue ni nini. Asiikalie mtu. Ndanu apumzike kwa amani karibu na baba yake; sisi wengine tutasimama.