Simu Iliyokosa Maziko

Katika taxi-bus ya kutoka Kakanda kwenda Likasi, kwenye kiti cha mbele yangu, mwanamume mwenye koti jeusi alikuwa akimweleza mama aliyeketi naye, ambaye hakumfahamu, kwa nini alikosa kubeba jeneza la mama mkwe wake.

"Haiko miye, mama. Ni telefone. Charge ikishuka, système yake inalalisha WhatsApp. Habari ya kilio iliingia leo asubuhi, wameshazika."

"Inalalisha bila kukuuliza?"

"Iliniuliza." Simu ilitaka kujua kama WhatsApp iruhusiwe kufanya kazi kioo kikizimika. Alikataa, maana umeme mtaani kwao huja unapojisikia.

"Basi système ilikutii."

"Lakini WhatsApp nayo ingesema: niko na habari ya kufa, usinilalishe!"

"Iseme kwa nani? Weye ulishamaliza kukataa."

Mwanamume alianza kueleza upya, safari hii kwa mikono. Mama alimwacha amalize, kisha akauliza taratibu, "Marehemu alikufa gafula?"

"Hapana. Alikuwaka mugonjwa tangu Pasaka."

"Na tangu Pasaka, ni système ilikukataza kumutembelea?"

Mimi nilitazama barabara. Mwanamume alirudi kwenye habari za betri, nazo zilitufikisha Likasi.

Gari liliposimama, dereva alimrudishia simu iliyokuwa ikichajiwa pale mbele. Ilikuwa imejaa. Bwana yule alishuka, akaizima kabisa, akaitia mfukoni, ndipo akashika njia ya kwenye kilio.