Mama Adélaïde, Aliyeteuliwa Tena na Tena

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Adélaïde Nizigama anastaafu baada ya kulitumikia Shirika letu la Bandari za Ziwa, hapa Bujumbura, kwa miaka ishirini na minane. Mimi, Bonfils, niliyekaa meza ya jirani naye kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo, nimeombwa niandike habari zake. Nimekubali upesi, maana safari hii ataisoma kazi yangu ikiwa imeshachapishwa na hataweza kuisahihisha.

Alianza kama mpiga chapa, na barua zote wakati huo zilikuwa za Kifaransa. Kiingereza alijifunza baada ya kazi, kwa mwalimu mmoja Mkongo aliyefundisha sebuleni kwake, mtaa wa Mutakura. Kiingereza kilipoingia rasmi ofisini, wengi wetu tulianza kuugua siku za mikutano, na yeye ndiye aliyebaki kuzungumza na wageni. Akateuliwa kuwa mkuu wa Idara ya Tafsiri, muhula wa miaka mitatu. Muhula ulipokwisha akateuliwa tena, na ule uliofuata vilevile, hadi tukaacha kuhesabu.

Wasomaji wetu wageni wafahamu kwamba hapa kwetu cheo hakiachwi kikavu. Aliyeteuliwa anakimwagilia, yaani analeta kreti za bia na Fanta na brosheti, ile mishikaki ya mbuzi, wenzake wanakunywa. Na aliyekunywa amekubali uteuzi. Hana ruhusa ya kurudi kesho kulalamika. Anayesimamia sheria hizo ni Télesphore, dereva wetu mkuu kutoka Kinama, mtu mkali kuliko mwanasheria wa Shirika. Mama Adélaïde alipoteuliwa tena mara ya kwanza, alijaribu kusema kwamba cheo ni kilekile na kilishamwagiliwa. Télesphore alikata kesi papo hapo: "Cheo ikirudi, inarudi na kiu yake." Kreti zikaja.

Tangu siku hiyo aliamua kwamba kama ni lazima atunyweshe, basi na sisi ni lazima tujifunze kitu. Kila sherehe ikawa na neno lake la Kiingereza. Tulianza na "reappointed", aliyeteuliwa tena, ambalo ndilo lake hasa. Muhula uliofuata Valéry wa utumishi aliandika kwenye tangazo kwamba Mama amekuwa "re-elected". Akaulizwa mbele ya watu kura zilipigwa lini, maana Mama hakukumbuka kuomba kura ya mtu. Mara nyingine Valéry akaandika "renewed", na Télesphore, alipofafanuliwa kwamba ni kuongezewa muda, akasema Mama amekuwa kama pasipoti, tumtafutie pa kugonga muhuri. Mama alicheka hadi akavua miwani.

Neno moja tu hakulifanyia mzaha. Jovithe wa masjala aliwahi kufukuzwa kwa kosa ambalo baadaye ilionekana si lake, akarudishwa kazini. Tangazo la Kiingereza likaandikwa kwamba ameteuliwa tena, kana kwamba alikuwa likizo. Mama Adélaïde alikataa kulipitisha. Aliandika "reinstated", neno la mtu aliyenyang'anywa kilicho chake akarudishiwa, na akasimamia hapo mpaka Mkurugenzi akatia saini. Jovithe hakuwa na uwezo wa kuleta hata chupa moja, kwa hiyo sote tulichanga tukammwagilia sisi. Nilimwona Mama Adélaïde akilia siku ile, na simwombi radhi kwa kulitaja hapa.

Sasa nifike kwenye jambo la mwaka huu, ambalo msomaji asipoambiwa nitaulizwa kwa nini nimelificha. Chanelle amekuwa msaidizi wa idara kwa karibu miaka kumi. Kila muhula ulipokwisha tulidhani zamu yake imefika, na kila mara alikunywa Fanta yake akatabasamu kidogo. Mwezi Machi, Mama akiwa amefikia umri wa kustaafu, Mkurugenzi Sébastien alitangaza kwamba ataongezewa muhula mmoja kwa ruhusa maalumu. Chanelle alikuwa ameshaanza kutafuta kazi ng'ambo ya ziwa. Sote tulijua, na hakuna aliyethubutu kusema.

Mama Adélaïde naye hakusema. Alileta kreti kama kawaida, tena nyingi kuliko miaka yote, akamhudumia Mkurugenzi kwa mkono wake mwenyewe. Alipoona glasi ya Mkurugenzi imefika nusu, akasimama, akasema: "Hii munakunywa si ya mi. Mi naenda kupumzika. Ni ya Chanelle. Na mwenye amekunywa, ameitika."

Mkurugenzi akaitazama glasi, kisha akamtazama Télesphore, akitumaini labda sheria ina mlango wa nyuma. Télesphore akatikisa kichwa: "Apana, Patron. Umeshakunywa." Sébastien akacheka, na tumshukuru kwa hilo, akamaliza iliyobaki. Uamuzi ulitoka kabla ya mwezi kwisha. Tangazo lake la Kiingereza alilitafsiri Mama Adélaïde mwenyewe, na Chanelle amelibandika ukutani juu ya meza yake: "appointed", yaani ameteuliwa, kwa mara ya kwanza.

Mama Adélaïde, asante kwa maneno uliyotufundisha na kwa kiti ulichokiachia kwa hiari. Nenda salama nyumbani kwako Mutanga Nord, ulale mchana, ufurahie wajukuu, Mungu akupe afya na miaka mingi ya raha. Siku ukipita hapa ofisini utakuta kreti iko tayari. Wewe kunywa kwanza, ndipo tutakuambia tumekuteua kuwa nani.